Nakunja vizuri lakini kabati halikai sawa

SWALI: Anti shikamoo. Mi nguo nazikunja na kuzipanga vizuri tu, ila nikivuta fulana moja ya chini rundo lote linabomoka, zingine zinatoka zina makunyanzi kama hazijawahi kuona pasi. Mume wangu anasema kabati ni dogo. Ni kweli au mi ndo sijui kukunja?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kabati halina tatizo na kukunja unajua, tatizo ni hilo rundo. Nguo zikilaliana unaishia kuvaa zilezile za juu, za chini zinakandamizwa tu mpaka siku ukiitaka moja unavuruga kazi yote. Sasa anza kukunja nguo isimame. Fulana ilaze kifudifudi, ipapase kwa viganja inyooke, ubavu mmoja ulete mpaka katikati ya mgongo na mkono wake uurudishe usizidi ukingo, ubavu wa pili hivohivo, upate kipande kirefu chembamba. Halafu upande wa chini ulete juu lakini usifike kwenye kola, acha nafasi kidogo maana kola ndo inavimbisha, kisha kunja tena mara mbili au tatu kulingana na kina cha droo. Isimamishe hapohapo, ikianguka ujue umekunja kwa kulegeza. Zipange kwenye droo kama vitabu kwenye rafu, ukifungua unaziona zote na ukichomoa moja zingine hazina habari. Kama huna droo boksi la viatu linatosha kabisa.

Jinzi laza mguu juu ya mguu, ile pembe ya msamba inayochomoza iingize ndani ndo ukunje, ukiiacha haikai sawa hata ufanyeje. Sweta nakuomba usitundike kwenye hanga, uzito wake wenyewe unalivuta mabega yanaharibika, likunje. Na soksi acha kuzigeuza moja ndani ya nyingine, lastiki inalegea bure.

Afu kuna hili ambalo watu wanaharakisha sana: nguo ikitoka kwenye pasi ina joto na mvuke bado, ukiikunja muda huohuo inashika mikunjo mibaya na ule unyevu unaingia nao kabatini. Iache ipoe. Zilizoanuliwa gusa kwanza kiuno, mifuko na mishono ya kwapa, hapo ndo panachelewa kukauka, na harufu ya uvundo inaanziaga hapo.

SWALI: Na shuka la lastiki linakunjwaje? Mi huwa naviringisha tu natupia.

JIBU: Ingiza mikono kwenye pembe mbili, moja ichomeke ndani ya mwenzake, na zile mbili zilizobaki fanya hivohivo. Lilaze kitandani, upande wa lastiki ukunjie ndani upate mstatili, baada ya hapo linakunjika kama shuka lolote. Ukimaliza lichomeke ndani ya foronya yake, siku ya kutandika unachukua seti nzima kwa mkupuo.