Nimepanga nyumba ya makuti: je, nikate bima ya vyombo?

SWALI: Assalamu alaykum, shekhe. Nimepanga ghorofa ya juu Langoni, hapa Lamu, paa ni la makuti. Nina friji, cherehani mbili na nguo za wateja. Mwenye nyumba anasema bima yake ni ya jengo tu, vyombo vyangu shauri yangu. Nikikata bima, si kukosa tawakali, yaani kumtegemea Mungu?

JIBU: Wa alaykumu salaam, binti yangu.

La tawakali lisikutie wasiwasi. Mtume (s.a.w.) alimwambia mwenye ngamia: mfunge, kisha tegemea. Nasi watu wa Amu hatuachi jahazi bila nanga.

Penye neno ni mkataba. Suala hili lilikuja na bahari: Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki 1836, aliandika juu ya wafanyabiashara waliolipia bima ya mali iliyo melini, kwamba fidia watakayopewa si halali yao. Bima ya kibiashara ya leo ni nduguye. Waweza kulipa miaka kumi usipate senti, au mwezi mmoja ukapata laki. Hiyo ni gharari, yaani mapatano ya kubahatisha, na biashara ya gharari imekatazwa. Mustafa al-Zarqa aliiruhusu, na ni mwanachuoni mkubwa, ila mimi niko na wengi. Baraza la Fiqhi, la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lililokutana Jeddah mwaka 1985 liliikataa, likakubali ile ya kusaidiana.

Hiyo ndiyo takafuli. Unachotoa ni mchango, si bei; mfuko ni wa wachangiaji, kampuni inauendesha kwa ujira. Waashari, kabila moja la zama za Mtume, chakula kikiwapungukia, walikusanya walicho nacho katika nguo moja wakagawana sawa, na Mtume akasema: wao ni wangu, nami ni wao.

Nguo za wateja ni amana. Kwa kauli yenye nguvu kwetu Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, zikiungua bila uzembe wako hulipi. Lakini kulala pasi ya makaa ikiwaka ni uzembe! Uliza pia kama mfuko unazikubali nguo za watu, au vyako tu.

Kampuni ya takafuli ikikataa paa la makuti, changeni na majirani mfuko wa maafa, kila mtu akitoa kwa nia ya kutodai chake. Usiuchanganye na mchezo wa kupokezana, ule ni kukopeshana. Na kwenye fomu usiandike paa ni la mabati ili wakupokee: ukificha hilo, fidia utakayopewa si halali yako.