Kibati cha Beetle kinaanza na 118, kadi inasema 1967

Mkuu unauliza kama Beetle (gari ya Volkswagen) unayouziwa Kinondoni ina utata, maana kile kibati cha chuma chenye namba ya chasisi kinaanza na 118 na kadi ya gari inasema 1967. Usimkimbie huyo muuzaji bado, kibati na kadi havipingani. Kwenye hiyo 118, 11 ni aina ya gari, 8 ni modeli ya 1968, na Volkswagen walikuwa wanaanza modeli mpya mwezi wa 8 mwaka wa nyuma yake, so gari inaweza kabisa kuwa imetoka kiwandani mwishoni mwa 1967. Ila kibati peke yake usikiamini bana, kinang'oka kile! Nyanyua siti ya nyuma, namba imegongwa kwenye chasisi pale katikati, futa vumbi na grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, msasa hapana utaila namba. Isipofanana na kadi usitoe hata mia. Namba ya injini ikiwa tofauti ni kawaida, hizi zimebadilishwa sana injini.