Nilirundika Ofa Tatu Nikapoteza 245,000, na Nilivyojifunza Kudai

Jumatatu usiku dada mmoja anayekaa Sakina, Arusha, aliniandikia: “Dada, blenda imefika jagi limepasuka. Muuzaji anasema mali ya ofa hairudishwi. Nifanyeje?”

Niliusoma ujumbe huo nikiwa nimesimama jikoni, nikavuta kiti nikakaa. Maneno hayohayo niliambiwa mimi Desemba ya mwaka juzi, na bado yananiuma. Lakini Alhamisi iliyopita nimedai pesa yangu kwa muuzaji mwingine na imerudi yote, 186,000. Kwa hiyo leo nasema na ninyi mnaoagiza vifaa vya biashara mkiwa huku Kaskazini, mnaotaka bei nzuri na hamna nauli ya kwenda Kariakoo kila mara.

Mimi naoka keki, Soweto hapa Moshi. Anayeujua mji huu anajua Desemba ilivyo. Wachaga wanarudi nyumbani kutoka kila kona, kuna harusi, kuna ubatizo, kuna kipaimara, na kila sherehe inataka keki. Nilikuwa nakoroga kwa mkono mpaka bega linakufa ganzi. Siku moja nikaona Instagram mashine ya kukorogea, lita 7, shilingi 245,000, duka liko Kariakoo.

Ofa nilizirundika hivi. Mteja mpya alipunguziwa asilimia 10. Oda ikifika 280,000, mzigo unasafirishwa bure mpaka stendi ya Moshi, na usafiri wenyewe ulikuwa 12,000. Nikaongeza mikebe ya keki ya 35,000 ili nifike hapo. Likabaki deni la 252,000. Muuzaji akaniambia, “Mpendwa, usilipe kwa Lipa Namba ya duka, nitumie kwenye namba hii ya kawaida nikutolee 7,000 nyingine.” Nikatuma 245,000. Mashine na mikebe kwa bei ya mashine tu! Nilimpigia mama yangu Rombo kumweleza nilivyo mjanja wa kununua.

Hesabu ya kweli niliifanya baadaye. Ningechukua mashine peke yake, na lile punguzo, na nikalipa usafiri, ningetoa 232,500. Niliongeza 12,500 kununua mikebe ambayo haiingii kwenye oveni yangu. Ofa inayokufanya uongeze kitu usichokihitaji umeilipia mwenyewe. Andika bei ya kile ulichokifuata, jumlisha usafiri, kisha linganisha. Kama huwezi kuiandika hesabu hiyo, usilipe kwanza.

Mashine ilikuja bakuli la lita 5. Nikanyamaza, maana nilikuwa na oda tisa. Boksi nikalichoma na takataka. Tarehe 22, keki ya tatu, mota ikatoa moshi na kusimama. Nilipiga simu, sikuandika chochote. Akasema nimeitumia vibaya, akasema mali ya ofa hairudishwi, kisha akanibloki. Sikuwa na risiti. Namba niliyotumia pesa ilikuwa na jina la mtu mwingine kabisa, jina la duka halipo popote. Zile oda nilizimaliza kwa mkono, na mbili nilirudisha pesa za watu.

Ile 7,000 ndiyo iliyonimaliza. Nawaomba mlishike hili kuliko yote: muuzaji akikutoa kwenye njia rasmi ya malipo ili akupunguzie, amekuondolea ushahidi. Lipa Namba inakuonyesha jina la biashara kabla hujaweka namba ya siri. Jina likiwa la mtu usiyemjua, simama.

AliExpress, lile soko la mtandaoni la China, ni hivyohivyo. Mule nimefanikiwa sana kurundika: nakusanya sarafu za punguzo kila siku kwenye programu, nachukua kuponi ya duka, naongeza kuponi ya jukwaa lenyewe kama bidhaa inaikubali, na nanunua vitu vya duka moja kwa pamoja. Lakini nalipa ndani ya programu tu, kwa sababu ukilipa pembeni huna pa kufungulia malalamiko. Na kitu kikifika usibonyeze umepokea kabla hujakifungua. Kumbuka pia, pesa ikirudi inarudi ile uliyolipa kweli. Kuponi iliyokwisha muda wake usiitegemee.

Sasa hii ya juzi. Oveni ndogo ya umeme, duka jingine. Nilidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kabla mzigo haujapakiwa kwenye basi. Wote tumekua tunasikia TRA wakisema ukinunua dai risiti. Sasa naelewa inamlinda nani. Pale stendi nilimwomba karani wa mizigo anivumilie, nikafungua boksi mbele yake huku simu inarekodi, kuanzia gundi ya boksi ikiwa bado nzima. Kioo cha mlango kilikuwa na ufa. Hapohapo nikaandika WhatsApp: tarehe ya kununua, namba ya risiti, kiasi nilicholipa, kasoro, ninachotaka, na siku ya mwisho ya kunijibu. Sikutukana. Nilimwandikia kwamba tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na kwamba asiponijibu naandika malalamiko Tume ya Ushindani, FCC. Siku ya tatu pesa iliingia.

Ndugu zangu, acheni aibu ya kudai. Tumelelewa kuona mdai ni mgomvi, na wauzaji wabaya wanaishi kwa aibu yetu hiyo. Pesa uliyoamkia saa kumi usiku kukanda unga ni yako. Piga picha, andika, tunza risiti. Na ukigundua huyo si muuzaji bali ni tapeli, ripoti namba yake kwa kutuma ujumbe kwenda 15040, na uende polisi na ujumbe wa muamala, hata kama ni 20,000.

Dada wa Sakina, wewe boksi unalo bado, na umeniambia ulilipa kwa Lipa Namba. Mwandikie leo kabla hujalala, weka picha ya jagi na ya risiti, mpe mpaka Ijumaa. Akikupigia, mpokee. Mkimaliza kuongea, mwandikie tena yale mliyokubaliana.