Kusomesha app kwa bloku: anza na pishi za karafuu

Yakhe, kama unataka kusomesha vijana kutengeneza app na hawajawahi kuandika kodi hata mstari mmoja, usianze na "variable ni nini". Watasinzia wote. Mie hapa Chake Chake, Pemba, natumia MIT App Inventor, ya bure, unaifungua kwenye brauza tu, unaburuta bloku, yaani vipande vya amri, unazipachika, halafu simu unaiunganisha kwa app yao inaitwa Companion, unaskani QR kodi na skrini yako inatokea kwenye simu hapo hapo, ukibadilisha kitu kwenye laptopu na simu inabadilika.

Siku ya kwanza nawapa hesabu ya karafuu. Mchumaji analipwa kwa pishi, kipimo chetu cha karafuu, hilo Pemba hapana asiyelijua, basi nataka niandike pishi ngapi, nibonyeze kitufe, app inambie nimlipe shilingi ngapi. Kisanduku cha kuandikia, kitufe, na lebo ya kuonesha jibu, basi. Bloku ya "when Button1.Click", ndani yake ile ya kijani ya kubadilisha maandishi ya lebo, na kwenye hiyo unachomeka ya kuzidisha pishi kwa malipo ya pishi moja.

Sasa utamu upo hapa. Lazima atokee mtu abonyeze kitufe kabla hajaandika kitu, na simu itatoa ujumbe wa kosa kwamba kuzidisha hakukubali maandishi matupu. Usimsaidie! Muulize tu, mchumaji akija na pakacha tupu utamlipa ngapi? Mwenyewe ataitafuta bloku ya "if". Mwengine ataandika "pishi sita" kwa maneno, huyo muoneshe pa kutia tiki NumbersOnly kwenye kisanduku.

Companion ikigoma kuunganika angalia Wi-Fi kwanza, ruta nyengine zinazuia vifaa visionane, washa hotspoti ya simu laptopu na simu zikae hapo pamoja. Umeme ukikatika usihangaike, kazi inajisevu kwenye akaunti.

Halafu waambie mapema: kwenye Companion, app yako bado haijaingia kwenye simu, ukiifunga huioni tena. Mpaka uende kwenye menyu ya Build utoe APK, faili la kusakinisha app, ndo unamrushia mama yako WhatsApp, na simu yake itauliza kama anaruhusu app ya nje ya Play Store.

TinyDB, sehemu ya App Inventor ya kuhifadhi data kwenye simu kama majina ya wachumaji, mie siigusi mpaka waje wenyewe wanalalamika kuwa wakifunga app kila kitu kinafutika.