Shilingi husukumwa na nini?

SWALI: Ninauza pembejeo Vwawa, wilayani Mbozi. Mwaka 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 2,700, kisha mwishoni mwa Desemba ikarudi karibu 2,400, lakini bei za dukani kwangu hazikuyumba kiasi hicho. Je, shilingi husukumwa na nini kama si bei za bidhaa?

JIBU: Ndugu msomaji, mfumuko wa bei una nafasi yake, kwa kuwa nchi ambayo bei zake hupanda haraka kuliko za washirika wake wa biashara hatimaye huona sarafu yake ikishuka. Hata hivyo, athari hiyo huonekana kwa miaka, na mwaka huo mfumuko wetu ulikuwa karibu asilimia 3 tu. Uliyoyaona yalitokana zaidi na upatikanaji wa dola zenyewe.

Dola huingia kwa msimu. Watalii huongezeka kuanzia Julai, kisha hufuata fedha za korosho na za kahawa yenu ya Mbozi, ilhali dhahabu, ikiwamo ya Chunya, huuzwa mwaka mzima. Katika nusu ya kwanza ya mwaka mapato hayo hupungua, lakini meli za mafuta hazingoji msimu, na mwenye dola akihisi kwamba kesho zitapanda huzikalia, jambo ambalo kwa maoni yangu huumiza kuliko uhaba wenyewe.

Riba nayo ina uzito. Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri Machi 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 mwaka 2023, na mitaji ikakimbilia huko. Ilianza kuishusha Septemba 2024. Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kutumia riba kama nyenzo yake kuu ya sera Januari 2024 kwa asilimia 5.5, iliipandisha hadi 6 Aprili, ili kushika shilingi kuwe na faida. Inaweza pia kuuza dola za akiba yake, ingawa akiba hutuliza mtikisiko tu, haizibi pengo la kuagiza kuliko tunavyouza.

Kuhusu duka lako, urea inayouzwa Desemba huwa imelipiwa miezi kadhaa nyuma, kwa kiwango cha wakati ule, tena ruzuku ya serikali hubeba sehemu ya gharama. Kushuka kwa dola mwezi huo kungeonekana katika shehena iliyofuata.