Karakana ya maktaba si ya wahandisi peke yao: jibu refu kwa aliyeuliza

Mwenzetu hapa juu anasoma sosholojia, mwaka wa pili. Maktaba ya chuo chao hapa Nairobi imebandika tangazo la mafunzo ya siku nne kwenye karakana yake: printa ya 3D inayochapa vitu vya plastiki, elektroniki na mashine ya lasa inayokata kwa mwanga. Rafiki yake wa uhandisi amemwambia asijisumbue, hayo si ya watu wa sosholojia. Anauliza aende au asiende, na kama ni lazima awe na laptopu.

Nenda. Mimi nilisomea ualimu, Kiswahili na Historia, na niliingia kwenye mafunzo kama hayo mwaka wa tatu kwa sababu nje mvua ilikuwa inanyesha na chumba kile ndicho pekee maktabani kilichokuwa na viti vitupu. Nilitoka nikarudi, nikarudi tena, hadi nikaishia kusaidia wageni kwenye meza za karakana kwa mihula mitatu. Huyo rafiki yako mwambie hivi: Arduino, kile kibao kidogo cha buluu cha kuendesha taa na sensa mtakachopewa siku ya elektroniki, kilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, kwenye taasisi ya usanifu, na walengwa walikuwa wanafunzi wasiojua elektroniki. Kwa hiyo mgeni hapo ni yeye, si wewe.

Sasa nikueleze kilichonipata, maana tangazo haliwezi kukueleza.

Siku ya pili tuliambiwa kila mtu abuni kitu cha kutosha kiganjani. Wengi walichapa vishikizo vya funguo vyenye majina yao. Mimi mjomba wangu ni dereva wa matatu, laini ya Rongai, na simu yake alikuwa ameifunga kwenye dashibodi kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikasema nitamchapia kishikio cha heshima.

Simu niliipima kwa futi ya fundi cherehani. Futi ile hunyumbuka, na kishikio kilipotoka simu ilikataa kuingia kwa milimita mbili tu. Msimamizi wa karakana hakunicheka. Alivuta droo akanipa venia kalipa, ile ya fizikia ya sekondari niliyodhani tumeshaachana nayo kabisa, akaniambia niongeze milimita 0.3 kila upande, kwa sababu nafasi za ndani hutoka finyu kidogo kuliko zilivyo kwenye mchoro.

Mara ya pili tatizo likawa tabaka la kwanza. Printa hizi huyeyusha uzi wa plastiki wenye unene wa milimita 1.75, huusukuma kwenye pua yenye tundu la milimita 0.4, kisha hupanga tabaka juu ya tabaka kama mfinyanzi anayezungusha kamba za udongo kuinua chungu. Pua ikiwa juu mno, uzi haushiki kitandani, yaani kwenye bamba la chini la kuchapia. Mashine haijui hilo. Itaendelea kuchora hewani kwa bidii zake zote, na ukirudi kutoka darasani unakuta sahani ya tambi. Dawa ni karatasi ya kawaida ya fotokopi: unaipitisha kati ya pua na kitanda, unazungusha skrubu ya pembe moja ya kitanda hadi uisikie karatasi inakwaruza kidogo, isikwame na isipite bure. Halafu pembe inayofuata. Ukimaliza ya nne, ya kwanza imeshahama. Nilizunguka kitanda kile mara tano. Video nilikuwa nimezitazama nyingi, lakini ule mkwaruzo hauonekani kwenye video, unausikia vidoleni.

Mara ya tatu stima ikapotea. Kazi ilikuwa ya saa nne na tulikuwa tumepita nusu. Iliporudi, printa ilikumbuka ilipoishia, nyingi za siku hizi hukumbuka, ila kitanda kilikuwa kimepoa na kishikio kimebanduka, kwa hiyo ikaendelea kwa uaminifu mahali pasipo na kitu.

Mara ya nne kikatoka. Cheusi, simu imetulia ndani kama yai kwenye trei. Mjomba alikipokea kwa mbwembwe, akawaonyesha makanga wote pale Railways. Siku mbili hazijaisha, simu: “Mpwa wangu, hiki kitu chako kinasujudu.” Kumbe plastiki niliyotumia, PLA, huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na dashibodi ya matatu inayongoja abiria juani mwezi wa Februari haioni taabu kufika hapo. Nikakichapa upya kwa PETG, ambayo huvumilia hadi karibu nyuzi 80. Kipo mpaka leo, ingawa matatu yenyewe ilishauzwa.

Nimelirefusha hili kwa makusudi. Ukienda na kishikizo cha funguo utajifunza kubonyeza vitufe. Ukienda na shida ya mtu unayemjua, mwenye namba yako ya simu na mdomo wa kulalamika, utajifunza kupima, kuchagua plastiki na kurudia kazi. Wewe wa sosholojia unajua kumhoji mtu kuhusu shida zake, na hilo wahandisi wengi niliokaa nao meza moja lilikuwa linawashinda. Walikuwa na majibu mazuri sana ya maswali ambayo hakuna aliyeuliza.

Siku ya elektroniki utaunguza taa ya LED, usiogope, ni ya shilingi chache. Uliunganisha bila rezista, kile kipuri kidogo cha kupunguza umeme, basi. Weka ya omu 220 uendelee. Kilichonishika mimi ni sensa ile yenye macho mawili ya duara. Hutoa sauti ya juu mno kwa sikio la mtu, hungoja mwangwi, kisha unahesabu umbali kwa muda uliopita. Kitu kikiwa mita moja, sauti huenda na kurudi kwa karibu milisekunde 6. Kwenye ploti yetu maji ya mgao huja siku mbili kwa wiki, na kila mara ilikuwa lazima mtu apande ngazi hadi juu kuchungulia tanki. Nikaifunga sensa kwenye kifuniko, ikitazama chini, na taa tatu nikazishusha ukutani karibu na mlango: kijani, manjano, nyekundu. Wiki tatu nilikuwa injinia wa ploti. Wiki ya nne taa ya kijani ikagoma kuzima, tanki likawa limejaa mchana na usiku, hata siku tulipokosa maji ya chai. Nilipoifungua nikakuta miguu ya sensa imeota kutu ya kijani kwa unyevu wa ndani ya tanki. Ipo aina nyingine isiyoingiza maji, lakini haioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 na ushei, kwa hiyo ilibidi niinyanyue kwa kipande cha bomba. Vipuri kama hivi utavipata mjini, barabara ya Luthuli, ila nenda na kile kilichoharibika mkononi. Ukienda na jina tu utauziwa binamu yake.

Lasa sina mengi. Inavutia, inanukia mbao zilizoungua, na kila mtu anataka kuandika jina lake kwenye ubao. Moja tu lishike: mtu akikuletea plastiki asiyoijua ni ya aina gani, usimkatie. Ikiwa ni PVC, plastiki ya mabomba, moshi wake una asidi inayochoma mapafu na kula mashine.

Sasa malalamiko yangu, kwa sababu nataka kukuambia ukweli. Chuo chetu, ambacho sitakitaja, kilifungua karakana kwa keki na picha nyingi. Wiki iliyofuata mlango ulikuwa umefungwa. Mwenye ufunguo yuko likizo. Aliporudi, mashine zikafunikwa kwa nailoni “zisiharibike”, na tukakaa karibu muhula mzima tukizitazama kupitia kioo kama samaki wa hotelini. Kilichozifungua ni mkutubi mmoja wa zamu ya jioni aliyekubali kusaini mwenyewe kwamba atabeba lawama. Mama yule hakuwa na digrii ya uhandisi. Alikuwa na daftari la zamu, sauti ya kutuliza wanaogombania meza, na mazoea ya kuazima watu vitu akijua vingine vitarudi vimechanika.

Ndiyo maana naona maktaba ni mahali pazuri kwa karakana. Warsha ya uhandisi ina wenyewe, na ukifika pale na sketi yako ya ualimu utaulizwa unamtafuta nani. Maktabani hakuna anayekuuliza umefuata nini.

Kwa hiyo kabla ya kujiandikisha, usiulize kuhusu cheti. Cheti cha siku nne hakuna aliyewahi kuniomba nikionyeshe. Uliza nani ana ufunguo, saa za wazi ni zipi baada ya mafunzo kuisha, na plastiki inalipiwa vipi. Kwetu ilikuwa shilingi 5 kwa gramu, na kishikio cha mjomba, na kuharibika kwake kote, kilinigharimu nauli ya wiki.

Laptopu si lazima. Tinkercad, programu ya kuchorea vitu vya kuchapwa, hufunguka kwenye kivinjari, haina malipo, na kompyuta za maktaba zinaiweza. Vaa viatu vya kufunika vidole. Beba flashi mbili, maana ya kwanza itaazimwa siku hiyo hiyo.