Swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta na vifaa vingine kwa waya: ya matundu mangapi? Tunawajibu wenye maduka wa Lubumbashi

*Niko na farmasi Kamalondo: kompyuta 4, printa moja, kamera 3. Swichi ya matundu 8 itanitosha?*

Hapana, Mama. Vifaa hivyo vimeshamaliza matundu yote 8, na waya wa kutoka kwenye ruta (kisanduku kinacholeta intaneti) bado haujapata pa kuchomekwa. Kisanduku cha kurekodia kamera nacho kinataka tundu lake. Chukua ya 16. Usije ukaokoa dola chache leo, halafu mwakani ukaficha kaswichi ka pili chini ya meza, mahali wafagiaji wanapomwaga maji.

*Intaneti yangu haifiki hata megabiti 20 kwa sekunde. Kwa nini nilipie swichi ya megabiti 1000 na ya 100 ni rahisi zaidi?*

Papa wa Kampemba, si kila kitu kinapita kwenye intaneti. Kunakili faili za gigabaiti 10 toka kaunta hadi ofisini, swichi ya 100 inakula karibu robo saa. Ya 1000 dakika moja na nusu hivi, diski zikiweza kuifuata.

Ila kabla ya kulipa, fungua kichwa cha kebo uhesabu nyuzi. Kasi ya 1000 inataka zote 8. Ya 100 inatumia 4 tu. Ndiyo maana wapo mafundi wanaopasua kebo moja wahudumie mashine mbili. Niliwahi kuitwa dukani nitafute "ubovu wa swichi mpya", kumbe nyuzi za buluu na za kahawia zilikuwa zimeenda kwa printa! Tena ukwaruze uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Irudishe kwa mwenyewe.

*Kamera za bohari langu, Ruashi, zinapata umeme kwenye kebo ya mtandao. Mchana ziko sawa. Giza likiingia, mbili zinazimika. Swichi imekufa?*

Haijakufa, imezidiwa mzigo. Gizani kamera huwasha taa zake za infraredi, na hapo hula umeme zaidi. Swichi ya namna hii ina vipimo viwili: cha kila tundu (swichi iliyoandikwa 802.3af, kiwango cha kupitisha umeme kwenye kebo ya mtandao, hutoa hadi wati 15.4; ya 802.3at hadi 30) na cha kisanduku chote. Muuzaji anapenda kukusomea cha kwanza. Matundu 8 ya wati 15.4 yangetaka wati 123, lakini swichi nyingi za bei ya chini hazifiki hata 70 kwa jumla. Jumlisha wati zilizoandikwa kwenye stika za kamera, uache na nafasi juu yake.

*Taa zote za swichi zinamweka pamoja kama wazimu, na mtandao umelala.*

Kuna mtu amekuta kebo inaning'inia, akachomeka ncha zote mbili kwenye swichi hiyohiyo. Ujumbe unazunguka humo bila kupata pa kutokea. Chomoa moja moja hadi taa zitulie.

*Toka dukani hadi dipo ni mita 130, waya unapita nje uwanjani. Mvua zinakaribia.*

Kebo ya shaba mwisho wake mita 100, na hapo nje radi ikipiga jirani tu, inaweza kuunguza swichi za pande zote mbili. Vuta faiba, kebo ya nyuzi za kioo: kioo hakipitishi umeme. Dukani ulizia swichi mbili zenye tundu la SFP, ambalo ndilo la kuunganishia faiba.